Nilimwambia Mteja Si Orijino

Mpendwa Bi Kuruthumu,

Shikamoo. Nisaidie, na unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, maana siku hiyo mteja anarudi na mimi sijui nitasimama upande gani wa kaunta.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Murubona hapa Kasulu, nina miaka thelathini na miwili, na kazi yangu ni kuchora picha za rangi kwenye kitambaa cha marekani ambacho mume wangu Nestori, yeye ni seremala, ananibania kwenye fremu, na ninachora vitu vya huku kwetu tu, akina mama wakimenya mihogo, baiskeli zilizopakia mikungu ya ndizi zikisukumwa mlimani, mvua ikija kutoka upande wa Buhigwe, na kwa miaka minne nimechora mpaka ndani hakuna ukuta wa kuegemeza kitanda, lakini kuuza, Bi Kuruthumu, ndiko kunakonishinda, kwa sababu nimelelewa kwamba mwanamke mwenye adabu hasifu kazi ya mikono yake, ukiambiwa umepika vizuri unajibu ni majani tu, na tena wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, basi nami nikakaa nikisubiri chema changu kijiuze, na kitu pekee ninachokumbuka kilichouzika haraka ni fremu moja, ambapo baba mmoja aliisifu sana, akalipa, akaitoa picha yangu taratibu akanirudishia mkononi, akasema fremu itamfaa kwa picha ya harusi.

Mwaka huu Bwana Hilali, mwenye duka la vioo na saa za ukutani hapa mjini, alinionea huruma akaniruhusu nitundike picha tatu dukani kwake, katikati ya zile picha za maporomoko ya maji zinazokuja kwa maboksi na zote zinafanana, na Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda akaingia mama mmoja nadhifu, Bi Asmahani, anayemalizia nyumba ya wageni ya vyumba kumi kule Kibondo, amekuja kuagiza vioo, akasimama mbele ya picha yangu ya akina mama wanaomenya mihogo juu ya jiwe, akasimama sana, akacheka peke yake, akasema huyu wa nyuma anayesengenya ni mama mkwe wangu kabisa, moyo wangu ukaruka, kisha akauliza, "Hii ni orijino?" na Bwana Hilali akamjibu, "Muulize mama Divine huyu hapa, ndiye aliyeileta."

Sasa mimi, Bi Kuruthumu, orijino ninayoijua ni ile ya sokoni, betri orijino, kandambili orijino, chaja orijino, yaani kitu kilichotoka kiwandani na nembo yake, na mimi si mwongo, nisingeweza kumwambia mtu mzima kwamba kitu nilichokipaka rangi nimekaa jikoni kwangu ni orijino, kwa hiyo nikapiga makofi ya salamu ya huku kwetu kama tulivyofunzwa, mwakeye mama, mwakeye, nikainama kidogo, nikasema, "Hapana mama, si orijino. Ni ya hapa hapa tu, tumejaribujaribu."

"Ahaa," akasema, "nilihisi. Na orijino yake anayo nani?"

Nikasema, "Hiyo sijui mama. Labda huko Dar."

Akaguna, akaandika namba yake kwenye kipande cha boksi, akaniachia, akamwambia Bwana Hilali kwamba kopi hataki, anamtaka mchoraji mwenyewe, amchoree picha kumi, kila chumba yake, na aweke jina lake pale chini, na siku atakayorudi kuchukua vioo amkute dukani.

Na hilo neno, "ya hapa hapa", naomba ulielewe, sikulitoa kwa dharau. Baba yangu aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na siku alipopata cheti cha uraia alitukusanya wote akasema kuanzia leo sisi ni wa hapa hapa, akachinja mbuzi, majirani wakala, kwa hiyo kwa upande wangu nilikuwa nimeisifu ile picha kuliko nilivyowahi kusifu kitu chochote.

Nilipomsimulia mwalimu Felisiani, anayemfundisha Divine, alicheka mpaka akashika ukuta, ndipo akanieleza kwamba kwenye mambo ya picha orijino ni ile moja iliyotoka mkononi mwa mchoraji, na zile za maboksi ndizo kopi, basi nikamkimbilia Bwana Hilali kumwambia kumbe zangu ndizo orijino, na yeye akatikisa kichwa akasema, "Mama Divine, umechelewa. Jumanne umesema si orijino. Ukisema leo kwamba ni orijino, yule mama atajiuliza ni siku gani umemdanganya."

Mpango wake ni huu. Ana shemeji yake, Lukmani wa Ujiji, mtu mzima, miwani, kofia iliyodariziwa, maneno matamu, akikuuzia kijiko utakwenda nacho kanisani, basi Jumamosi hiyo Lukmani atasema mchoraji ni yeye, ataandika jina lake chini ya picha, mimi nitazichora hizo kumi kimyakimya nyumbani, malipo nitapata, na aibu hakuna. Nestori naye amekubali, anasema, "Jina haliliwi na ugali, mama Divine. Picha kumi ni bati za nyumba nzima."

Mimi jina langu sijawahi kuliandika kwenye picha, kwetu jina huandikwa kwenye ndoo na kwenye jembe ili visiibiwe, lakini tangu niambiwe litaandikwa la Lukmani nimekosa raha, nikimtazama yule mama wa mihogo najisikia kama ninamwozesha kwa mtu asiyejua hata anatoka kijiji gani. Je, nikubali mpango, tupate bati, au niende nikaseme ukweli nionekane mwongo na nyumba ikose bati?

Ni mimi, Theodosia, Murubona, Kasulu. Jina nimelikata kwa kalamu, kisha nikaliandika tena, wewe amua.

BI KURUTHUMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Theodosia. Nimeamua. Umelikata mara moja na kuliandika mara mbili, kwa hesabu yangu lililoshinda ni la kuandika, kwa hiyo nimelichapa.

Niache nicheke kwanza nimalize. Miaka kumi na tisa najibu barua gazetini, nimesoma za wanaume waliojiita matajiri na hata kuku hawana, nimesoma za mtu aliyejiita daktari mpaka siku alipoletewa mgonjwa. Sijawahi kukutana na mtu aliyejikana mwenyewe kwa adabu, akapiga na makofi juu yake.

Wahenga usiwasingizie. Chema chajiuza, kweli, na chako kilikuwa kinajiuza vizuri kabisa mpaka ulipofungua mdomo. Picha ilimsimamisha mteja, ikamchekesha, ikamwonesha mama mkwe wake. Ilibaki kufungwa kwenye gazeti tu. Wewe ukaja ukampokonya mkononi na kumwelekeza Dar.

Na hiyo adabu yako tuizungumze. Kutojisifu ni adabu, mama yako alikufunza vyema, wala sitaki uanze kupita mtaani ukijitangaza kwa kipaza sauti. Lakini kukana ulichokifanya si adabu, ni uzembe uliovaa kitenge kizuri. Ukienda kliniki wakuulize, "Divine ni mtoto wa nani?" unainama na kusema tumejaribujaribu? Unasema ni wangu, na hakuna anayekuona una majivuno. Sema hivyo hivyo kwenye picha.

Pale ulipomtaja baba yako, mwanangu, niliiweka barua chini kidogo, kisha nikairudia kuisoma. Lile neno yeye alilisema amenyanyua kichwa, wewe ukalisema umeinama, ndiyo maana mteja akasikia kingine. Huyo mama hatafuti kitu cha mbali. Angetaka cha mbali angebeba maporomoko ya boksini, yalikuwa yamemzunguka pande zote. Anajenga Kibondo, anataka mgeni akiamka aone Kibondo na Kasulu ukutani. Unacho anachotaka, na unamwonea haya.

Bwana Hilali ana moyo mzuri na mpango mbovu. Tuseme Lukmani ameandika jina. Mgeni analala chumba namba tatu, anaipenda picha, anaomba namba ya mchoraji, anapewa ya Ujiji. Siku ya pili wanamwambia, "Mzee, tuchoree kidogo hapa tuone." Afanyeje, aumwe tumbo? Na kila utakapozidi kuwa hodari ndivyo yeye atakavyozidi kusifiwa. Baba Divine, na wewe nisikie: bati ni jambo jema, wala sikulaumu, lakini kwa mpango huo nyie mtaezeka nyumba moja na Lukmani ataezeka tatu.

Unaogopa kuonekana mwongo. Hebu nitajie tapeli mmoja aliyewahi kuikataa sifa. Waongo hujipandisha, hawajishushi. Yule mama akijua kilichotokea ataona amekutana na mtu mkweli kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo watu hupenda kufanya naye biashara.

Basi fanya hivi. Kile kipande cha boksi kitafute leo, umpigie simu. Usitume ujumbe, kwa ujumbe utajificha. Sema, "Mama, mimi ni yule wa dukani kwa Hilali. Nilidhani unauliza kama imetoka kiwandani. Aliyeichora ni mimi." Hayo yanatosha, usianze kusimulia habari za betri.

Jumamosi fika dukani mapema, kabla ya wateja, na picha iliyochorwa nusu. Kaa kwenye kigoda chako uendelee kuchora. Akiingia akukute rangi ipo vidoleni na mama wa pili bado hajapata uso. Kwa maelezo wewe si hodari, nimeshajionea, lakini mkono ukiwa kazini hakuna atakayekubishia.

Lukmani usimfukuze, kipaji cha mdomo kisitupwe. Mpe kazi anayoiweza. Asimame mlangoni asifu mpaka koo likauke, kwani wewe unaona haya na yeye haoni. Mlipane kwa makubaliano ya mapema, mbele ya Bwana Hilali. Ila mtu akiuliza mchoraji ni nani, akunyooshee mkono wewe.

Jina liandike leo kwenye zile picha tatu, pembeni chini: Theodosia, Kasulu, na mwaka. Herufi ndogo zinazosomeka, siyo kama za kwenye ndoo. Nyuma ya kila picha bandika karatasi ieleze hao akina mama ni wa wapi, wanafanya nini, na kwamba picha hiyo ipo moja tu duniani. Mwalimu Felisiani akuandikie, maana mwandiko wako umeniumiza macho. Ukiwa unachora, Divine akupige picha kwa simu, mikono ionekane, uziweke kwenye stetasi kila wiki. Huko si kujitembeza. Mtu wa Kibondo au Kigoma atajuaje upo, aote?

Bei itaje kwa sauti ile ile unayotajia bei ya maharage, kisha usipunguze kabla hujaombwa. Ukikadiria usihesabu rangi na kitambaa tu, hesabu na siku ulizokaa. Na mwambie Nestori fremu azipigilie misumari ya kweli. Anayetaka fremu aondoke na picha yake, ndoa hiyo haina talaka.

Nimekwambia upige simu, lakini sasa nakujua. Utaishika hiyo namba mpaka boksi lilainike. Kwa sababu hiyo barua yako nimeitoa leo Alhamisi, ili kesho basi la asubuhi liifikishe Kibondo.

Bi Asmahani, kama unasoma hapa, weka kikombe chini kidogo. Mchoraji unayemtafuta ndiye yule uliyemuuliza. Jumamosi ukifika dukani, muulize tena lile swali lako, kisha mpe nafasi, usimharakishe. Hajawahi kulijibu sawasawa maishani mwake. Atasema ndiyo.