Kitabu Nilichokiongezea Mwisho

Ajlun,
Jumamosi, 6 Desemba

Mpendwa mama mdogo Wijdan,

Salamu za mapenzi zikufikie huko Santiago, wewe na mwanao Rabii na mkewe. Goti linasemaje? Na presha? Usinijibu kwamba uko salama tu, nijibu kwa tarakimu. Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza kuuma, hita ya mafuta ya taa tumeshaitoa stoo, na mama anagombana nayo kila asubuhi kama kawaida yake.

Zeituni mwaka huu zilikuwa chache lakini mafuta yake ni mazuri mno. Mama amekutengea debe zima. Namwuliza nani atalibeba mpaka Chile, ananiambia nisimharibie siku.

Sasa nije kwenye linaloniumiza. Ningekupigia simu, ila kwenye simu nitalia na mama atasikia.

Chumba chako cha vitabu pale shuleni, kando ya ngazi, bado kipo, na busati lako bado lipo. Makasha ya vitabu vya msaada yakija, bado nafanya ulivyonifundisha: naenda navyo nyumbani, nasoma kila kimoja kwa sauti kabla hakijamfikia mtoto. Vile vya kuhubiri tu naviweka rafu ya juu kabisa, huko vihubirie vumbi. Majira ya baridi yaliyopita kilikuja kimoja cha korongo, nikakipenda hapo hapo. Kinda linamsubiri mama yake aliyevunjika bawa, kundi linajiandaa kwenda kusini, na kwenye ukurasa wa mwisho mama harudi. Kinda linaruka na shangazi zake. Basi. Nilikichagua mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Mwezi huo huo darasa la kwanza likapata mtoto mgeni, Ghusun, kutoka Mafraq. Aliletwa kwa bibi yake, Umm Nayif, yule wa nyuma ya tanuri la mikate. Baba yuko kazini Kuwait. Mama alifia hospitali kule Amman, na ukoo ukakubaliana mtoto aambiwe mama yuko Ujerumani anatibiwa. Umm Nayif alikuja ofisini, akatushika mikono, mimi na mkuu wa shule, mpaka tukaahidi kunyamaza. Unawajua watu wetu. Wewe mwenyewe, mtu mzima, ulifichwa kifo cha babu mpaka ulipotua uwanja wa ndege.

Ungefanya nini ungekuwa mimi? Watoto walikuwa wameshakiona kitabu mezani na wanakililia. Nikakisoma. Nilipofika karibu na mwisho nikafunua kurasa mbili kwa pamoja, nikawaonyesha korongo mkubwa aliye pembeni kwenye ile picha ya mwisho, nikasema mama huyo hapo, alitangulia, alikuwa anamsubiri mwanawe ng'ambo ya mto. Darasa likapiga makofi. Ghusun hakupiga makofi, aliomba nirudie. Mwaka ule wa shule nilikirudia labda mara ishirini, na kila mara mama korongo alikuwa ng'ambo ya mto.

Sasa Ghusun yuko darasa la pili na anasoma. Anasoma vizuri kuliko wote, na mimi ndiye niliyemfundisha. Na mkuu wa shule mwezi huu ameleta utaratibu mpya, kwamba watoto wajichagulie vitabu wenyewe, waazime Alhamisi na kurudisha Jumapili wiki ya shule ikianza. Nilimuunga mkono, ni jambo jema. Juzi walinizonga mezani kila mtu na kitabu chake, mimi nikawa nagonga mihuri bila kutazama. Jina la Ghusun nimeliona kwenye kadi ya kitabu cha korongo wakati shule imeshakuwa tupu.

Kitabu kiko kwake tangu Alhamisi, mama mdogo. Nimepita pale tanurini mara tatu nikijifanya nanunua mkate, na mama ananiuliza kama tunatarajia wageni. Sijaona kitu ila nguo zimeanikwa. Mtoto wa miaka saba asije akajua kifo cha mama yake kutoka kwenye kitabu nilichochagua mimi, peke yake pembeni ya hita, na bibi yake yuko jikoni hana habari.

Jumatatu, 8 Desemba

Sikuipeleka posta barua hii. Nakuandikia yaliyotokea.

Jana asubuhi nilimkuta mlangoni pa darasa langu, kitabu kifuani.

"Mwalimu, umenipa kitabu sicho."

"Si umekitoa mwenyewe rafuni?"

"Kinafanana na chetu, ila sicho. Humu mama harudi. Nimekisoma mara nne nikadhani nakosea mimi. Nitafutie kile chetu."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, usinicheke. Kile chetu kimeazimwa, nitakutafutia. Lilikuwa jepesi hata nikajiogopa. Kumwambia ukweli haikuwa haki yangu, na kumdanganya tena nilishindwa. Nikamwambia mchana twende wote kwa bibi.

Umm Nayif alinisikiliza akiwa amesimama, mtoto tumemtuma jikoni kwenye chai. Alinipa zangu.

"Kwani vitabu vya paka vimekwisha? Vya sungura je? Dunia nzima ina vitabu, wewe jicho lako likaangukia hiki?"

Sikujitetea. Nilimwomba msamaha, nikamwambia lawama ni yangu, ila mtoto atasoma tu, kama si hiki ni kingine, kama si kitabu ni karatasi ya serikali yenye jina la mama yake. Akaninyang'anya kitabu. Hajui kusoma, unamkumbuka, lakini alifunua ukurasa mmoja mmoja akitazama picha, taratibu, mpaka ile ya mwisho. Akaitazama muda mrefu. Halafu akamwita Ghusun, akampakata, na kunirudishia kitabu.

"Msomee. Kama kilivyoandikwa, usiongeze chumvi. Mimi mdomo wangu hauwezi."

Nikasoma. Kurasa zile mbili nikazifunua moja baada ya nyingine. Nilipomaliza, Ghusun hakuniuliza mimi, alimgeukia bibi yake.

"Na mama yangu je?"

"Ndiyo, roho yangu. Tangu lozi zilipochanua."

Hakulia. Aliuliza, "Na zile salamu zake za kila Ijumaa? Kwamba anasema nile, nisivue soksi, nisimsumbue bibi?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nazitunga mimi."

Ghusun alimtazama usoni. "Basi zote zilikuwa zako," akamwambia, akamkumbatia shingoni, na hapo ndipo walipolia wote wawili. Nami nililia, nimekaa na koti langu mwilini, chai imepoa.

Kitabu nimekiacha pale, sikuwa na uso wa kukidai. Leo Ghusun hakuja shule. Sijui ni kwa sababu ya kulia au Umm Nayif amebadili nia na kunikasirikia. Kila mlango ukifunguliwa nashtuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kumchagulia mtoto kitabu, basi nihukumu wewe, usinionee huruma.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi nzito, hata nikimwambia kwamba huko sasa ni joto. Kaka Mutasim anakusalimu, mkewe Abla anakusalimu, na binti yao mdogo Khuzama anasema anakupenda ingawa hakujui. Salamu hizi sikuziandika kwa mazoea, mama mdogo. Nimezunguka nyumba nzima jioni hii kumwuliza kila mmoja, na kila mmoja amezisema kwa mdomo wake.

Mungu akulinde na akuongezee umri mpaka tuonane.

Mwanao akupendaye,
Rudayna