Sakafu Mpya ya Baba

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini saloni, pale sebuleni kwetu, miguu nimeinyoosha, na ubaridi wa karo, vigae vya sakafuni, unapanda mpaka mgongoni. Ndiyo, Mama, karo. Nyumba yako ya Katuba ina karo sasa, na aliyezitandika ni mimi.

Ulipoondoka, Baba alibaki bila macho yake ya pili. Yake mwenyewe yalizimika kidogo kidogo tangu alipostaafu kule wanakoyeyusha shaba, na wewe ndiwe uliyekuwa ukimshika mkono kutoka kitandani hadi mlangoni: "Polepole, Baba Ngoie, hapa kuko shimo." Ile simenti ya zamani ilizidi kupasuka. Siku moja nikiwa shuleni nafundisha, mguu wake ukaingia katika shimo la karibu na meza, akaanguka. Nilimkuta amekaa palepale, mdomo umevimba, ananiambia hakuna kitu.

Habari zikafika kwa ndugu zetu Mitwaba. Baba mdogo Kalenga akatuma neno kwamba anakuja kumchukua kaka yake, maana binti anayeshinda kazini hawezi kumchunga kipofu. Siku zile Baba akawa akisukuma sahani kabla bukari, ule ugali wetu, haijaisha, nikajua hataki kwenda.

Nikaenda kwa Fundi Ramazani, jirani yetu wa barabara ya nyuma, anayetandika karo kwenye nyumba kubwa za mtaa wa Golf. Alikuwa na karo zilizobaki kazini: nyingine laini, nyingine za barza ya nje, zenye mikwaruzo ya kuzuia mtu asiteleze.

"Uchukue tu," akasema, "lakini haziko sawasawa."

Nikamwambia hizo hizo ndizo ninazotaka. Nilipomweleza sababu alicheka kwa furaha, akaja mwenyewe kunionyesha jinsi ya kuvuta uzi, kuchanganya simenti na mchanga, na kugonga karo kwa mpini wa nyundo mpaka itulie.

Nilianza Jumamosi baada ya salongo, ule usafi wa mtaa mzima, bado nina vumbi la barabara tuliyokuwa tukifagia. Majirani wakaja kuchungulia. Mama Sofi, unamjua mdomo wake: "Eh, Mwalimu, leo uko fundi?"

"Ndiyo, niko fundi."

Kumbe bado! Siku chache baadaye Baba akatoka na fimbo yake, akagonga karo moja, akagonga ya pili, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Hii inalia tupu." Akagonga tena. "Na hii. Toa."

Ramazani alikuwa ameniambia niziloweke kwanza katika maji, nami kwa haraka niliziweka kavu, simenti haikuzishika. Nikazing'oa zote, nikaanza upya. Tangu hapo tukawa mafundi wawili: mimi natandika, na simenti ikishakauka yeye anapita anasikiliza. Mama, ungemwona! Ananituma, ananigombeza, anataka karo ivunjwe kwa kosa ambalo mimi silisikii. Sijamwona hivyo tangu tukuzike.

Zile zenye mikwaruzo nilizipanga njia moja, toka kitanda chenu, kupita kando ya meza, mpaka mlango wa mbele. Kwingine kote ni laini. Baba anavua viatu, nyayo zake zinamwambia alipo.

Baba mdogo alifika na kamyo, lori lililobeba mihogo. Akapiga hodi. Nilitaka kuinuka, Baba akanizuia nibaki nimekaa: "Ikala." Akasimama, akatembea bila fimbo, bila kushika ukuta, akafungua mlango mwenyewe.

"Karibu, mudogo yangu. Lakini panguza miguu, nyumba iko mupya."

Baba mdogo alimtazama, akanitazama mimi, kisha akavua viatu kabisa. Alikaa nasi juma zima, akawa akimwangalia kaka yake anavyokwenda na kurudi. Siku ya kuondoka alipanda kamyo peke yake. Kabla ya hapo aliushika mkono wangu, ngozi bado imepasuka kwa simenti.

"Ngoie," akasema, "uko mutoto ya mama yako kabisa."

Hapo nililia, Mama. Kidogo tu. Nilitaka uyasikie maneno yale, na... basi, ndiyo maana naandika.

Kwaheri, Mama. Kiangazi kijacho nitatandika jikoni kwako, na nitafanya vizuri kushinda nilivyofanya huku saloni. Usiwe na wasiwasi juu ya Baba. Nitamtunza humu humu ndani, na mlango wake ataufungua mwenyewe.

Binti yako,
Ngoie