Ijumaa Jua Linapozama Saa Tisa

Alhamisi, 12 Novemba 2009

Darasa la Kiswidi tena. Vitenzi, kahawa, vitenzi. Kesho nitatoka saa saba na nusu, nimwambie mwalimu naenda kwa daktari wa meno. Ijumaa ya nne mfululizo. Kwetu Nyahururu Sabato iliingia jua likizama, saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Unapika, unaoga, unangoja. Hapa Stockholm jua linashuka saa tisa mchana kama linafukuzwa. Nani alinionya? Hakuna.

Nyumbani Vårby gård, mlango ukifungwa, mimi ni Myahudi. Darasani Bredäng mimi ni Naomi, Mkenya mwenye meno mabovu.

Jumatatu, 16 Novemba

Mama Furaha, Mkongomani ninayekaa naye meza moja, ameniletea karafuu za meno. Amefunga siku tatu. Kanisa lake zima linaniombea. Nikasema asante. Nimeona haya mpaka masikio.

Huyu ndiye aliyenionyesha pa kununua unga wa ugali. Ndiye aliyelala kwenye kiti hospitalini nilipopasuliwa. Sina mwingine hapa. Akijua nimemdanganya, nimekwisha.

Jumatano, 25 Novemba

Balaa. Mwalimu Ingrid anataka kila mtu asimame aeleze alikolelewa na alivyolelewa. Mama Furaha amemaliza yake leo: Bukavu, mume, Furaha, ndege, Uswidi. Dakika tatu, akaketi.

Zamu yangu Ijumaa, saa tisa kasorobo. Nikisema ukweli, uongo wa meno utafichuka. Nikitoroka, Mama Furaha ameshaapa atanisindikiza kwa daktari mwenyewe. Aki nimekwama.

Ijumaa, 27 Novemba, asubuhi

Mishumaa ya Sabato iko mezani. Maharagwe tayari. Sijui kwa nini nimejisumbua, sitawahi kurudi kabla ya jua kuzama.

Jumapili, 29 Novemba

Nilisema.

Kwamba nililelewa Kiyahudi, kwenye kijiji cha viazi na baridi. Kwamba babu alisoma Biblia yake peke yake miaka na miaka, kisha akawauliza wenzake kanisani: nani aliihamisha Sabato ikawa Jumapili? Akatoka na watu wa nyumba saba, wakashika dini ya Kiyahudi. Walichekwa. Shuleni niliitwa mtoto wa waliomuua Yesu. Kila Ijumaa mama alioka mikate miwili kwenye sufuria, makaa juu, makaa chini, akaifunika kwa leso. Rabi hatukuwa naye. Tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiebrania kilichochanika.

Nikasema na ya meno pia. Kwa Kiswidi changu kibovu, mbele ya watu kumi na wanane. Jua likazama dirishani nikiwa bado naongea.

Halafu mzee mmoja wa Iraki akasimama, akaja mbele, akanipa mkono. Majirani wa mama yake kule Basra walikuwa Wayahudi, alisema. Waliondoka yeye akiwa mdogo na hajamwona mwingine tangu hapo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakuuachia mkono wangu.

Mama Furaha hakunitazama.

Sabato ilikuwa imeshaingia. Treni sipandi, mzigo nje sibebi. Nikaacha mkoba chini ya meza, nikashika njia kwa miguu, theluji nusu maji. Sikufika mbali nikasikia hatua nyuma yangu. Mama Furaha, mkoba wangu begani.

"Nilifunga siku tatu juu ya meno yenye haina shida!"

Basi. Tukatembea mpaka Skärholmen, zaidi ya nusu ya njia. Mimi nahema, viatu vimelowa. Yeye anakwenda tu, sawasawa, kama anayeijua kazi. Nikamwambia arudi, ni mbali.

"Mbali? Weye! Miye nilitoka Bukavu kwa miguu."

Darasani alitaja ndege tu. Nilimtazama mwanamke huyu, mfupi, kofia ya sufu ya mwanawe kichwani, nusura nijikwae. Miezi minane meza moja na sikuwahi kumwuliza.

Mlangoni akaniuliza Sabato watu wanafanya nini. Hakuna, nikasema, tunakaa tu. Akasema atakuja tukae.

Jumatatu, 30 Novemba

Ya Jumamosi nilishindwa kuyaandika jana.

Alikuja asubuhi. Tukala maharagwe baridi. Hakuna moto, hakuna simu, hakuna redio, hakuna kuosha vyombo. Mwanzoni hakujua mikono aiweke wapi. Mchana akaanza kuongea, polepole, habari za msitu na mvua.

Furaha ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza aliitwa Baraka. Alikuwa na miaka minne, na alibaki njiani. Alilitaja jina hilo mara mbili, akasema tangu afike Uswidi hajalitamka mbele ya mtu.

Tulikaa hivyo mpaka nyota zikatoka na Sabato ikaisha. Akaomba chai. Nikainuka kuwasha jiko.