Neno Lililonipeleka Maretadu

Mama Natalia wangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Shule niliiachia darasa la tatu, na si kwa ujinga. Ng'ombe wa baba walihitaji mtu. Lakini barua hii nimekataa kuandikiwa. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, hata kama mistari inapanda mlima.

Unakumbuka enzi za mashamba ya serikali, ngano inaanzia chini ya mlima Hanang na huoni inapoishia? Mimi nilikuwa dereva wa kombaini, kijana wa Endasak, na hakuna aliyevuna kama mimi. Aliye hai abishe. Nikipita mimi, suke halibaki. Ndiyo maana akina mama waliokuja kuokota masuke baada ya mashine walinikimbia. Waliwafuata madereva wanaovuna ovyo, wakajaza viroba. Nyuma yangu ulibaki wewe peke yako, binti wa Maretadu uliyefikia kwa shangazi yako Katesh, na kiroba chako kitupu begani. Nikadhani hujui kazi.

Siku niliyokuja kusema nataka kutuma wazee kwa baba yako, nilianza kwa kujisifu mbele ya shangazi. Nikasema shamba zima hakuna anayekijua Kiingereza cha ngano kunizidi, maana nashinda na fundi mzungu. Hukucheka. Ulikuwa umefanya kazi kwa masista miaka miwili, wakakuweka ufute vumbi kwenye vitabu vyao, nawe ukasoma kuliko ulivyofuta.

“Dereva,” ukasema, “niletee neno moja la Kiingereza nisilolijua. Ukilipata, tuma wazee. Ukishindwa, rudi kwenye mashine yako unyamaze.”

Shangazi akaongeza kwamba kuna mwalimu wa Mbulu ameshakuulizia, na baba yako atamjibu mavuno yakiisha. Basi nikajua muda wangu ni ngano iliyosimama.

Nilimsumbua yule fundi mpaka akawa ananikwepa. Nikakuletea auger. Kabla sijamaliza kulitamka ukasema ni lile skrubu kubwa linalosukuma ngano ndani ya bomba, na seremala naye analo la kutobolea mbao. Nikaleta chaff, ukasema makapi, hilo hata mtoto analijua. Nikaleta stubble, ukakanyaga vile vishina vinavyobaki shambani, ukasema ni hivi vinavyokuchoma miguu kwa ajili yangu. Hayo maneno ya mwisho sikuyasikia vizuri, nilikuwa na hasira.

Nililitegemea awn. Neno fupi hivyo, nani atalijua? Wewe ukachomoa kitu kwenye khanga yako, unywele mmoja mkali wa suke la ngano, ukaniwekea kiganjani. “Awn ndiyo hii. Shika.” Wenzako wakasema dereva huyu ataoa kombaini yake.

Likabaki shamba la mwisho. Nikamuuliza fundi, wale akina mama kule nyuma, kazi yao mnaiitaje kwenu? Akanipa neno. Nikazima mashine, nikakukimbilia kwenye mabua.

“Glean,” nikasema.

Uliyatazama masuke mawili matatu uliyoshika. Ukanitazama mimi.

“Hilo silijui,” ukasema. “Nieleze.”

Nikakueleza kifua mbele: ni kupita nyuma ya wavunaji, ukiokota kilichobaki. Ulinisikiliza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Jumapili wazee wangu wakawa njiani kwenda Maretadu.

Maisha yetu yote nilijisifia neno lile, kwenye harusi za watoto, kwenye pombe, hata mbele ya padri. Wewe ulikuwa unageuza ugali tu, unasema, “Ulinishinda, Baba Natalia.”

Krismasi hii Natalia alikuja na mchezo wa maneno, vile vibao vidogo vyenye herufi za Kiingereza. Nikakaa nao. Nikapanga awn. Wakabisha wote, wakatafuta kwenye simu, wakaniandikia alama zangu. Nilifurahi mpaka nikaomba chai ya pili. Halafu zikaniangukia mkononi herufi zote za glean, na nafasi ilikuwepo. Nikazitazama sana. Mwanamke aliyejua awn na auger, angekosaje kulijua jina la kazi iliyokuwa mikononi mwake? Na kwa nini ulifuata kila siku kombaini isiyoacha suke, wakati wenzako wanajaza viroba kwingine?

Sikulipanga neno lile. Nikaweka leg. Natalia akasema baba amechoka, nikamwacha aseme. Nikashindwa mchezo mbele ya wajukuu, mimi.

Usidhani nakubali kwamba nilishindwa na wewe pia. Sikubali. Kama hukulijua, nilikushinda. Kama ulilijua, basi msomi wa masista alimwacha mwalimu wa Mbulu akamchagua dereva wa darasa la tatu. Niambie hapo nani mshindi.

Ila jambo moja nakupa. Mimi nilivuna nikaacha shamba tupu nyuma yangu. Wewe hukuvuna hivyo. Tangu uende, napita humu ndani na kila mahali nakuta ulichobakiza: khanga ulivyoikunja, wimbo Natalia anaoimba akipika bila kujua ni wako, “dereva” ulivyolitamka. Naokota polepole, mke wangu, na kiroba changu kinajaa.

Lala vizuri.

Mumeo, dereva wako