Usije Kunirudisha, Mimi Ni Mzima

Kambi ya Mkonge,
Thika.
14 Agosti 1957

Mpendwa ndugu yangu Muthoka,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo wewe, na mkeo Kanini, na watoto? Malaria ya Kisumu imewaachilia? Sisi ni wazima, mvua tu ndiyo imekataa. Na nikisema wazima najitia na mimi ndani, kwa hiyo soma polepole.

Nasikia mwisho wa mwezi unakuja na wajomba kunirudisha kwetu Kangundo, eti mume wangu Mbaluka ananinyima chakula. Ni uongo. Huyo Nzomo aliyekuambia alipita hapa akaona nguo zinaning'inia mwilini mwangu, na hakuuliza mtu.

Sikukuandikia mapema, usije ukaacha kazi ya reli kwa wasiwasi, lakini mwezi wa pili nilipasuliwa hospitali. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinanimaliza, daktari akakata sehemu ya tumbo akaitoa. Sasa nikila kibakuli nimeshiba, na ule unene wangu wote umeshuka.

Unakumbuka magoti yangu? Yalivyovimba, ukiyagusa ni moto kama sufuria? Yamepoa, Muthoka! Hata pete inaingia kidoleni tena. Nilimwuliza daktari mbona amekata tumbo na magoti yakapona. Akasema yeye mwenyewe hajui vizuri. Labda ni uzito uliopungua, labda yale mafuta ya mwilini ndiyo yaliyokuwa yakiuchoma mwili kwa ndani. Yeye hajui, lakini mimi najua sivimbi.

Taabu ni mama mkwe. Kwake mke wa mwanawe akiwa mwembamba ni aibu ya boma. Na kwa kuwa nilikatwa tumboni, aliniuguza kama mwanamke aliyetoka kujifungua: nilale, nikandwe, ninywe uji wa mafuta ya kondoo. Nilipokataa akayaficha mafuta ndani ya uji wa kawaida. Nilitapika nusura nife, naye akalia kwamba nimerogwa. Namhurumia, maana ananipenda kweli. Lakini sinywi.

Jumapili akawaita akina mama wa kanisa waje wanilishe kwa nguvu. Nikasimama nikawaambia, "Mlinipenda nikiwa siwezi kutembea. Sasa natembea, nipendeni hivyo hivyo." Nikachukua debe, nikashuka mtoni Chania, nikapanda nalo mgongoni limejaa maji, ukanda kwenye kipaji cha uso, mpaka mlangoni pa mama mkwe. Kisha akachota kikombe akanywa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimwaibishe mume aliyeniosha kidonda kwa mikono yake. Ukija na wajomba siendi, hata mnifunge kamba. Ukija peke yako kunisalimu, karibu sana: nitakuja kukupokea stesheni mimi mwenyewe, kwa miguu.

Nisalimie Kanini, na umbusu mtoto wenu mdogo Wayua. Mbaluka anakusalimu, hana kinyongo. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Syokau