Kusoma Ugonjwa wa Gari Letu

Voi
Jumatatu asubuhi

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaesha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Lamu, na kwamba goti la mama limepungua uvimbe. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha mara mbili na vumbi limetulia kidogo. Shemeji yako Bakari yuko vilevile: kazini kwake relini, chai bila sukari kwa amri ya daktari, na sukari kwa siri nikigeuza mgongo.

Uliniuliza kama ni kweli tunauza gari. Ukaongeza kwamba wewe huoni hasara, kwa kuwa punda akiumwa unamwona, na gari likiumwa hata mafundi hubahatisha. Hapo hukukosea. Nitakueleza yote kwa utaratibu.

Gari hili ndilo kazi yangu. Mara mbili kwa wiki napanda Wundanyi na magunia ya unga ya wenye maduka wa huko, napakia kabichi na nyanya, nateremka nazo hadi jikoni kwa shule moja ya bweni hapa Voi na maduka mawili. Mwezi uliopita likaanza kuzimazima mlimani. Barabara ikiwa tambarare linakwenda vizuri. Likifika kwenye kona baada ya Mwatate linakohoa, linatoa moshi mweusi, linakataa. Siku moja niliteremsha magunia manne kando ya njia ili lipande likiwa jepesi, kisha nikarudi kuyafuata.

Fundi Kioko, mwenye gereji nyuma ya soko, alibadilisha plagi na kusafisha chujio. Hakuna kilichobadilika. Akafuta mikono, akasema, "Mama Kabichi, hii injini inaendeshwa na kompyuta. Kompyuta imekufa. Hapo mimi sina dawa."

Kompyuta nyingine haipatikani Voi, na ya Mombasa inakaribia bei ya gari lenyewe. Bakari, ambaye hapendi jambo lizunguke, akampa neno lake mtu mmoja wa Miasenyi. Mtu huyo ana gari lililogongwa, la aina moja na letu, akataka letu alikate, achukue milango na boneti. Angekuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikamwambia Bakari, "Siuzi mgonjwa ambaye hajapimwa."

"Pima," akasema. "Una hadi Jumamosi."

Jumanne nilikwenda kwa muuza vipuri aliye karibu na stesheni. Alikuwa na kifaa cha kusoma makosa ya injini kilicholetwa kutoka Dubai, ukubwa wake kama redio ndogo, chenye kioo cha kuandika tarakimu. Bei yake haikuwa mbaya. Ningeuza shehena moja nikaimudu. Nikamwomba tukijaribu kwanza. Plagi yake haikuingia popote. Tundu la gari langu liko chini ya boneti, ndani ya kijisanduku cheusi chenye kifuniko, na halifanani na plagi ile kwa umbo wala kwa idadi ya meno. Nikasoma karatasi yake taratibu: kimetengenezwa kwa magari mapya ya Marekani. Langu ni la Kijapani, na si jipya.

"Hilo si tatizo, Bi Zuhura," akasema. "Tutakata hii plagi, tuunganishe nyaya moja moja."

"Na kikikataa kusoma, utanirudishia pesa?"

"Kilichokatwa tena? Hapana, dada yangu."

"Basi kata chako, nitazame."

Akacheka, akakirudisha kabatini.

Jumatano nilipiga simu gereji moja kubwa ya Mombasa. Mashine wanayo, na inasoma magari ya Kijapani. Lakini lazima gari lifike kwao, na malipo ya kusoma ni yale yale wakiona ugonjwa au wasipouona. Gari linalozimika kwenye kilima sikuliamini hadi Mombasa.

Alhamisi nilimpelekea Mwakio redio ya Bakari. Mwakio ni fundi wa redio, Mtaita wa Rukanga, mtu wa maneno machache. Nikamsimulia na habari za gari, akanisikiliza akiwa na chuma cha kulehemu kwa risasi mkononi.

"Magari sijui," akasema. "Lakini hizi za Japani ziko na njia ya kujisema zenyewe. Dereva mmoja wa watalii alinionyesha. Hauhitaji kununua kitu. Unahitaji waya."

Akachukua kipande cha waya kirefu kama kidole, tukaenda gereji kwa Kioko. Katika kile kijisanduku cheusi kila tundu lina herufi zake. Unaunganisha matundu mawili maalumu, unawasha switchi bila kupiga stata, kisha unatazama taa ya injini mbele ya usukani. Inawaka na kuzima kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo jina la ugonjwa.

Tuliunganisha. Tukatazama. Hakuna taa iliyowaka.

"Nilisema!" Kioko akapiga boneti kofi. "Maiti mnaihoji ya nini?"

Nakiri kwamba hapo nililihesabu gari kuwa la mtu wa Miasenyi. Mwakio akachungulia mbele ya usukani. Aliniuliza, "Ukiwasha switchi asubuhi, unaona taa gani?"

"Ya betri, ya oili, ya breki."

"Na ya injini?"

Nikafikiri. Dada, tangu tulinunue gari hili sijaiona hata siku moja.

Akafungua skrubu mbili, akalivuta bao la saa na taa lililo mbele ya usukani, akaingiza vidole nyuma. Shimo la taa ile lilikuwa tupu. Aliyetuuzia aliitoa balbu, ili tusiione ikiwaka. Bakari siku ile alilisifu gari kwa kuwa halikuwa na taa hata moja ya kulalamika.

Mwakio akatoa balbu inayomulika saa kwenye bao lile lile, akaipachika pale. Tukarudia. Taa ikaanza kukonyeza. Kioko alihesabu kwa sauti kama mwalimu: "Moja, mbili, tatu... nne! Ni nne!"

"Tatu, kisha ikapumzika, kisha moja," nikamwambia. Nilikuwa naandika.

"Si ndiyo nne, Mama Kabichi?"

"Hapana. Ni thelathini na moja."

Mwakio alikuwa na orodha aliyoinakili kwa yule dereva. Thelathini na moja ni kifaa kinachopima upepo unaoingia kwenye injini. Tukafuata nyaya zake. Mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ganda. Kwa nje ulionekana mzima. Aliuunga kwa risasi, akaufunga tepu, akatoa fyuzi na kuirudisha ili kosa la zamani lifutike. Tukahesabu tena: taa ikakonyeza mfululizo bila kupumzika, maana yake hakuna ugonjwa. Kompyuta ni nzima. Ijumaa nilipanda Wundanyi na gari likiwa limejaa, sikuteremsha hata gunia moja.

Jumamosi mtu wa Miasenyi alifika na rafiki yake na kamba ya kuvutia. Bakari akawasha gari, akalizungusha uwanjani mara mbili, akashuka.

"Bwana Bakari, ulinipa neno lako," mgeni akalalamika.

"Nilikupa neno la gari bovu," Bakari akasema. "Bovu sina tena."

"Hili je? Bei gani?"

"Hilo muulize mwenyewe. Yule pale."

Nikamjibu haliuzwi. Nikawapa chai, wakaondoka na kamba yao.

Nisalimie mama, na shemeji mshonaji, na shangazi wa mikate. Binamu wa Malindi mwambie kabla hajanunua kifaa chochote atazame kwanza tundu la gari lake, halafu kama taa ya injini inawaka akiwasha switchi.

Naishia hapa. Bakari yuko nje anapiga honi. Leo ana likizo, na ameng'ang'ania kupanda nami hadi Wundanyi. Anasema anataka kuitazama kwa macho yake hiyo taa isivyowaka.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura