Taa ya Behewa la Mwisho

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jémima Ngoie Numbi. Umri: miaka 36. Kazi: mhudumu katika nyumba ya wazee. Makazi: Saint-Gilles, Brussels.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mzee mnayemshikilia kwa wizi wa taa, Numbi Mwilambwe, miaka 74, ni baba yangu mzazi; mimi humwita papa. Alikuwa msimamizi wa treni kwa miaka thelathini na moja, Lubumbashi hadi Kamina, akisafiri kwenye behewa la mwisho.

Mnamo tarehe 14 Juni 2025, saa nane kasoro robo mchana, tulifika kwenye karakana ya reli karibu na stesheni ya Gare du Midi. Watu waliruhusiwa kuingia kutazama behewa la mwisho la zamani, lililopakwa njano na buluu kuadhimisha miaka mia ya karakana. Lilikuwa limeunganishwa nyuma ya injini. Nilitaka kumpiga papa picha tuwatumie ndugu zetu Lubumbashi. Alivaa koti la Jumapili, joto lote lile.

Nilipiga picha tisa. Kwenye ya tatu, saa 8:10, taa nyekundu inaonekana imetundikwa upande wa injini. Papa aliiona kabla yangu, akaacha kutabasamu. Alisema: "Taa iko ku mbele. Mwenye treni ya kutoka nyuma ataona nini? Atatuingilia."

Nilimwambia hili ni la maonyesho tu, haliendi popote. Akanijibu kwamba lililosimama ndilo linalogongwa. Nilicheka, nikaendelea kupiga picha.

Ya saba, saa 8:14, inamwonyesha ameshika taa. Tazameni viatu vyake: anaelekea mkia wa behewa. Lango la kutokea liko upande mwingine. Tena ameibeba kwa mikono miwili, kama sufuria ya moto ya bukari, ugali wetu. Mwizi gani anabeba hivyo?

Mlinzi alimkamata bega kabla hajaitundika. Papa anajua Kifaransa, lakini akishtuka kinamkimbia. Alibaki akionyesha nyuma kwa kidole.

Hapa naomba muandike kama ninavyosema. Mlinzi alinigeukia akaniuliza kama namjua mzee huyu. Nina ombi la uraia, jibu ni mwezi ujao. Nilisema simjui. Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake, na alisikia. Mlinzi akamuuliza amekuja na nani. Papa alinitazama mara moja, akasema kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba amekuja peke yake.

Niliondoka. Nilitembea hadi Porte de Namur bila kujua naenda wapi. Naona aibu, afande. Kazi yangu ni kuogesha wazazi wa watu wengine.

Kuhusu taa, papa hana uongo. Uongo wake ni huo mmoja, na aliusema kwa ajili yangu.

Ndivyo nilivyoona na ndivyo nilivyotenda. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi: J. Ngoie Numbi

Maandishi ya afisa: Yamechukuliwa saa 11:05 jioni kupitia mkalimani Hassan Amissi. Picha zimenakiliwa. Karakana imekiri kwa simu kuwa taa ilitundikwa upande usio wake, nayo imefuta malalamiko. Mzee ameachiwa saa 12:20. Kabla hajatoka nilimuuliza kama anamfahamu mwanamke aliyesimama mlangoni. Alijibu: "Ni mutoto yangu wa kwanza. Leo alikuwa ku kazi."